Bwana Wino na Chama cha Wenye Kumbikumbi

Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, saa nne na robo asubuhi, katika chumba namba kumi na mbili cha ofisi ya Msajili wa Vyama, ghorofa ya pili, walikuwapo watu wafuatao, nasi tunawataja kwa jinsi walivyoketi, kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa kuwa marehemu tunayemuaga leo asingekubali wapangwe vingine.

Alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye wanafunzi wa miaka thelathini wanamjua kwa jina la Baki Moja. Alikuwapo mpiga picha wa studio, aitwaye Cheka Kidogo kwa sababu ya maneno anayowaambia wateja wake kabla ya kubonyeza. Alikuwapo mkunga mstaafu, umri wake miaka themanini na mmoja, aliyesafiri saa saba kwa basi kutoka mji anakoishi na mwanawe, na ambaye kwa hesabu yake mwenyewe gari lake limebeba wajawazito wengi kuliko gari la wagonjwa la zahanati aliyoitumikia. Alikuwapo fundi cherehani wa suti za wanaume, utepe wa kupimia ukiwa shingoni hata siku hiyo. Alikuwapo mjane wa daktari wa meno, asiyejua kuendesha na asiyetaka kufundishwa, ambaye kila Jumapili alasiri huketi katika kiti cha abiria cha gari la mumewe, akatazama mbele kwa muda wa saa nzima, kisha akafunga mlango na kurudi ndani. Alikuwapo pacha mkubwa wa wale mapacha wenye duka la vioo, ambaye jina lake ndilo lililomo katika kadi ya gari, na nyuma yake alisimama pacha mdogo, asiyehesabiwa, kwa kuwa gari moja ni mwanachama mmoja, jambo alilolinung'unikia mpaka ofisa akamwambia, "Mzee, ama unyamaze, ama ukanunue lako." Na dirishani alikuwapo marehemu, miguu imevimba, kamba za viatu zimelegezwa, kalamu yake ya wino mkononi.

Hao ndio saba. Wa nane hakuwapo, wala hakupata kuonekana popote, ingawa alitafutwa kwa kila njia, kama itakavyoelezwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946, akiwa mtoto wa nne na wa kiume wa pili wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala la reli na mama aliyekuwa mfumaji wa mikeka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala hilo, mahali ambapo leo pana karakana ya matairi. Alianza shule ya msingi Januari 1954, akaendelea na shule ya kati, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1965 alisoma sekondari chini ya mwalimu mkuu mgeni aliyeamini kwamba mtu asiyeweza kuandika mstari ulionyooka hawezi kuishi maisha yaliyonyooka. Hapo ndipo alipopata mwandiko ule ambao wengi wenu mnaujua kutoka katika kadi za harusi na barua za kuombea watoto kazi, na hapo ndipo wenzake walipomwita Bwana Wino, kwa kuwa vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikupata kuwa na rangi moja na vingine. Jina hilo alikwenda nalo kazini, akaoa nalo, akazeeka nalo, na hakulichukia.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1967 katika ofisi ya usajili wa magari, akiwa karani wa rejista, akakaa katika meza moja, karibu na kabati la chuma, kwa muda wa miaka thelathini na mitano na miezi sita, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2002. Katika muda huo alichelewa kazini mara mbili, mara zote mbili kwa sababu ya gari lake, na sasa imetupasa kulieleza gari hilo, kwa kuwa bila hilo historia hii haina mwanzo wala mwisho.

Mwezi Agosti 1972 palifanyika maonyesho ya biashara, na kiwanda kimoja kidogo cha ng'ambo, ambacho kilifungwa zamani, kilileta magari kumi na moja ya aina ambayo haikuonekana kabla wala baada. Bodi lake lilikuwa la faiba, jepesi kiasi kwamba watu wanne waliweza kulisogeza bila hata kukaza pumzi, injini yake ilikaa nyuma, na milango yake miwili haikufunguka kwenda pembeni kama ya magari ya watu, bali ilinyanyuka kwenda juu. Asubuhi ya kufungua maonyesho mvua ilikuwa imenyesha, magari yakatoka bandani yameinua milango yote, na watoto waliokuwa nje ya ua wakapiga kelele kwa pamoja, "Kumbikumbi! Kumbikumbi!" Tangu hapo hakuna aliyelikumbuka jina la kiwanda.

Baada ya maonyesho magari yale yaliletwa yote kusajiliwa ili yauzwe kwa watu, na zamu ya kuyaandika ikamwangukia marehemu, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitano. Mwaka huohuo ofisi ilikuwa imeamriwa kuacha lugha ya wakubwa waliokwisha kuondoka na kuandika rejista zote kwa Kiswahili, lakini fomu mpya zilikuwa hazijatoka kwa mpiga chapa, kwa hiyo makarani walichora safu wenyewe kwa rula na kuzitafutia vichwa wenyewe. Karatasi za kiwanda zilikuwa na safu ya toleo la gari, iliyoandikwa kwa neno la kigeni, na marehemu alipolitazama neno hilo katika kamusi ndogo ya ofisi, alikuta maana ya kwanza ni mfano. Angeweza kuandika aina. Angeweza kuandika toleo. Aliandika "Mfano," na kwa kuwa magari yale hayakuwa na jina la toleo, akajaza mbele ya kila moja, mara kumi na moja, kwa mwandiko usio na doa: "wa maonyesho." Mkuu wake akapitisha macho, akasema, "Kijana, Kiswahili chako kimenyooka kama rula yako," na sifa hiyo marehemu aliitunza moyoni kwa miaka arobaini na tisa.

Gari la kumi na moja, lililokuwa na bawaba moja iliyokatika, lilikaa bila mnunuzi kwa mwaka mmoja na nusu, ndipo akalichukua yeye. Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1974, na mwalimu wa chekechea ambaye leo ni mjane wake na yuko mbele yetu, na bibi harusi alitolewa nyumbani kwao katika gari hilo, shela likabanwa na mlango kwa juu, ikabidi wazee wawili waushike mlango hali wanatembea kando mpaka mwisho wa barabara. Tangu siku hiyo mama huyu aliliita gari hilo mke mwenzangu, na zamu zilikuwa zikijulikana, siku sita za wiki ni zake, Jumamosi ni ya mwenzake. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1976, kijana aliyefuata mwaka 1979, na kitinda mimba, binti, mwaka 1984, ambao wamewapatia wajukuu wanane. Wote walijifunza kusoma saa kwa kumngoja baba amalize kusugua vioo.

Baada ya kustaafu marehemu aliishi maisha ya utulivu, akisoma gazeti kuanzia ukurasa wa mwisho, akiwaandikia majirani barua bila kudai shukrani, mpaka mwezi Septemba 2021, ilipotoka kanuni mpya ya magari. Kanuni hiyo ilisema kwamba gari lolote lililoandikwa katika rejista kuwa ni la mfano, maana yake lililotengenezwa ili lionyeshwe tu, lisitumike, litaondolewa barabarani na majumbani na kupondwa kuwa chuma chakavu, mwisho wake tarehe 31 Machi 2024, isipokuwa likiwa chini ya chama cha uhifadhi kilichosajiliwa. Barua ilimfikia nyumbani. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, akavaa koti, akaenda katika ofisi yake ya zamani.

Ofisa aliyekuwa katika meza yake alikuwa kijana mwenye adabu, aliyemletea kiti na kumfungulia rejista ya mwaka 1972, akaweka kidole mahali penyewe, akasema, "Mzee wangu, mimi sina ugomvi na wewe, lakini hapa imeandikwa mfano. Mfano wa gari si gari." Marehemu akajibu kwamba mwandiko huo ni wake, na kwamba alikusudia toleo. Kijana akautazama mwandiko, akamtazama yeye, akasema, "Hongera kwa mwandiko, mzee, siku hizi hatuoni kitu kama hiki. Lakini rejista iliyofungwa hurekebishwa na karani aliyeiandika, akiwa kazini. Wewe uko kazini?"

Hakuwa kazini. Alirudi nyumbani kwa miguu, na kwa siku tisa hakumwambia mtu. Mkewe alimwona akilisugua gari bila kuimba, akamuuliza, "Huyo mke mwenzangu amekufanya nini?" naye akasema, "Mimi ndiye niliyemfanya," kisha akaeleza yote. Mtu akikosea kwa mali yake, hasara ni yake, akanyamaza. Lakini neno lile aliliandika mara kumi na moja, na kati ya hizo mara kumi zilikuwa mali za watu waliomwamini kwa sababu tu ana kalamu, na ambao mpaka siku hiyo walidhani serikali imewageuka bila sababu.

Akaenda kuuliza masharti ya chama. Akaambiwa kwamba wanatakiwa wanachama hai wasiopungua saba, kila mmoja na gari lake, watie saini siku moja mbele ya ofisa, kisha majina yabandikwe ubaoni kwa siku ishirini na moja kungoja pingamizi, na siku ya ishirini na moja, saa tisa na nusu alasiri, ofisi inapofungwa, kama wote saba wangali hai, chama kimesimama, na kikishasimama, hata abaki mmoja, chama ni chama. Akipungua mmoja kabla ya hapo, maombi yote yanaanza upya, na mrithi hawezi kuingia mahali pa aliyefariki mpaka mirathi ithibitishwe, jambo ambalo halijapata kuchukua chini ya miezi sita. Marehemu, ambaye aliwahi kuwa mwanachama wa vyama vingi, aliuliza kama mwanachama hai ni yule aliyelipa ada, kama ilivyo kwingineko. Ofisa wa vyama akacheka. "Kwetu hapa, mzee, hai maana yake anapumua."

Alianza kuwatafuta. Namba za magari alizijua kwa kichwa, lakini watu huhama, hufa, huuza, na ilimchukua mwaka mmoja na miezi minane, kwa mabasi, kwa simu za kuazima, kwa kuuliza mafundi wa bodi mji kwa mji, kuyapata yote kumi na moja. Moja liliungua mwaka 1985. Moja lilichukuliwa na mafuriko. Moja lilikatwa vipande na warithi waliogombana. La nne alilikuta katika ua wa mfugaji mmoja, limeinua milango yake miwili, limejaa kuku, na hati zake zimeliwa na mchwa, na alipomsihi mwenyewe ajiandikishe angalau kwa jina, yule bwana alimwambia, "Baba, mimi sina gari. Kuku ndio wenye gari. Waandikishe wao, nao wako hai." Wenzake walipohadithiwa baadaye walicheka hadi machozi, lakini kwa marehemu lilikuwa ndilo tumaini la mwisho la kupata wa nane, na mkewe anakumbuka kwamba alirudi siku hiyo na manyoya katika koti, akaketi mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Ni saba. Ni saba kamili. Hakuna wa akiba."

Mwezi Oktoba 2022, katikati ya safari hizo, aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo, ambao ulikuwa umepanuka na kuchoka, akapewa dawa na kukatazwa ngazi. Ofisi ya Msajili wa Vyama iko ghorofa ya pili.

Mkutano wa kwanza wa wenye Kumbikumbi ulifanyika siku ya Jumamosi, tarehe 10 Juni 2023, katika sebule ya marehemu, na magari manne yakaegeshwa nje, matatu yakiwa yamekuja kwa kuvutwa. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Ndani, wageni walianza kwa kuilaani kanuni, wakamlaani aliyeitunga, na fundi cherehani akasema kwamba angependa kumjua huyo mpumbavu wa karani aliyeandika mfano, ampime suti ya kuzikiwa. Marehemu alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa tatu. Aliikunja, akasema, "Ni mimi."

Fundi cherehani akasema, "Kumbe!" akaukunja utepe wake wa kupimia. Mwalimu Baki Moja akauliza kama kosa lilikuwa moja lililorudiwa mara kumi na moja, au ni makosa kumi na moja, na akajibiwa na Cheka Kidogo kwamba huu si wakati wa hesabu. Mjane wa daktari wa meno akaanza kulia taratibu, akisema kwamba akichukuliwa gari hilo hatakuwa na mahali pa kukaa na mumewe. Marehemu akapiga goti, mzee wa miaka sabini na sita, mbele ya watu aliokuwa mkubwa kwa wengi wao, ndipo mkunga akainuka, akamshika kwapani kama anavyoshikwa mzazi aliyeishiwa nguvu, akamwinua. "Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe leo umezaa, pumua. Mtoto akitanguliza miguu hatumuulizi kwa nini amekuja hivyo. Tunamtoa. Haya, katiba iko wapi, tutie mkono."

Katiba ilirudishwa mara tatu, mara ya kwanza kwa sababu ya pambizo, mara ya pili kwa sababu ya mhuri, mara ya tatu kwa sababu ofisa alikuwa likizo. Jina lilipitishwa kuwa Chama cha Wenye Kumbikumbi. Mkunga alichaguliwa mweka hazina, akauliza hazina iko wapi aiweke, akaambiwa haipo, akasema kazi hiyo ataiweza. Marehemu alichaguliwa katibu, kwa kura sita, kura ya saba ikiwa yake mwenyewe, aliyoipiga kumkataa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024, daktari wake wa moyo alimtaka alazwe siku hiyohiyo, kwa kuwa maji yalikuwa yamefika magotini na pumzi ilikuwa haitoshi sentensi moja. Akauliza, "Nikilazwa, nitatoka kabla ya tarehe ishirini na mbili?" Daktari akasema hawezi kumwahidi. "Basi silazwi," akasema, na daktari huyo, ambaye ana umri wa kuwa mjukuu wake, alimgombeza mpaka yeye mwenyewe daktari akatokwa na machozi, asiweze kumbadilisha. Tarehe 22 alipanda ngazi zile kwa dakika thelathini na tano, kijana wake amemshika upande huu, pacha mdogo upande ule, akipumzika kila ngazi ya tatu, akatia saini ya saba. Alilazwa kesho yake, Ijumaa, wodi ya wanaume, kitanda namba sita. Siku ya ishirini na moja ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi.

Tunapenda ieleweke marehemu aliishi vipi katika siku hizo, kwa kuwa wengine wamesema alikuwa akijipigania nafsi yake, na si kweli. Kila asubuhi saa moja aliwapigia simu wanachama sita, mmoja mmoja, kwa namba ya gari, akauliza, "Umeamkaje?" na akishajibiwa, aliweka alama ndogo katika daftari. Cheka Kidogo alijibu, "Mwanachama hai, anapumua." Mwalimu alijibu, "Nipo, baki sita." Fundi cherehani alimwambia, "Mzee, ukizidi kunipigia alfajiri mke wangu atasema nina kimada mwenye sauti nzito." Alimkataza Cheka Kidogo kupanda juu ya paa lake lililokuwa likivuja, akamsihi avumilie ndoo mpaka tarehe kumi na tano. Alimwomba mjane wa daktari wa meno asioge sakafu ikiwa na sabuni. Mapacha walipogombana na mkubwa akatishia kumpiga mdogo, marehemu alimwomba mdogo apigwe tu, asirudishe, kwa kuwa yeye hayumo katika orodha. Mkunga alikuwa wa mwisho kupigiwa, na kila siku alisema, "Niko hai, mwanangu, lala," kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpigia.

Wiki ya pili hali ilizidi kuwa mbaya. Figo zilianza kuchoka kuufuata moyo, akawekewa hewa ya mtungi, na sauti ikashuka. Kila daktari aliyepita alishikwa mkono na kuombwa jambo moja, "Nifikishe Alhamisi." Hakuomba Ijumaa. Binti yake mkubwa alipomwambia, "Baba, usihesabu siku, muachie Mungu," alijibu kwamba Mungu hana shida na kuhesabu, ndiyo maana alizipa siku majina. Mkewe, ambaye kwa miaka arobaini na tisa hakupata kumwona akiogopa, anasema kwamba siku hizo aliogopa waziwazi, kama mtoto aliyevunja chungu cha watu na kuambiwa wenyewe wanakuja, na kwamba alikuwa akishtuka kila simu ya jirani wa kitanda cha pili ilipolia.

Jumatano, tarehe 13 Machi, alipiga simu sita, akaweka alama sita. Ilikuwa mara ya mwisho kushika kalamu.

Alhamisi, tarehe 14, aliamka bila sauti ya kutosha simu. Mkewe akamwambia apumzike, amekwisha kuwapigia wote yeye mwenyewe kutoka ukumbini. Akauliza, "Wote?" Mkewe akasema, "Wote wazima." Akauliza, "Na mkunga?" Akasema, "Anakusalimu, amesema ulale." Hapo akatulia, akafumba macho, akawa anafumbua kuuliza saa, na kila mara akaambiwa. Saa tisa na nusu alasiri kijana wake alimsomea saa kutoka katika simu, mbele ya mkewe, binti zake wawili na muuguzi wa zamu. Marehemu akauliza kama ofisi imefungwa. Akaambiwa imefungwa. Alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya tangu alipolazwa, akasema maneno ambayo muuguzi aliyasikia pia, "Sasa wasilipe kosa langu." Alifariki saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, miezi minne na siku kumi na moja.

Familia inatoa shukrani kwa daktari wa moyo, aliyemgombeza na kisha akakaa naye zaidi ya zamu yake, kwa wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule aliyemruhusu kupiga simu saa ambayo si ya simu, kwa jirani wa kitanda cha pili, aliyezima simu yake kwa hiari siku tatu za mwisho, kwa majirani wa mtaa walioyasukuma magari yale matatu siku ya mkutano bila kuulizwa, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani wa ofisi ya usajili, na kwa wanachama wa Chama cha Wenye Kumbikumbi mliofika hapa leo, Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, mwalimu, mpiga picha, fundi cherehani, mjane wa daktari wa meno, na mapacha wote wawili. Hatuwezi kumshukuru kila mtu kwa jina, naye hakupenda orodha yenye pengo, kwa hiyo aliyesahauliwa atusamehe.

Bwana Wino, mume, baba, babu na katibu, funika kalamu yako, ulale, umechoka.

Limebaki jambo moja, nalo limeandikwa hapa kwa ombi la mjane mwenyewe, ambaye hakutaka historia ya mumewe isomwe ikiwa na neno lisilo sahihi lililotoka kinywani mwake. Habari hii ilimfikia katika ukumbi wa hospitali siku ya Jumatano alasiri, kwa simu, kutoka kwa mwana wa mwanachama mwenzenu, na alimwomba kijana huyo, kama mama anavyomwomba mwana, asimwambie mtu yeyote kati yenu mpaka leo, kwa kuwa yeyote ambaye angejua angempigia mgonjwa, naye kijana akakubali, akamzika mama yake jana bila ninyi. Mjane anawaomba radhi. Ofisi ya Msajili imekwisha kuarifiwa, na majina yameondolewa ubaoni.

Mkunga mstaafu alifariki siku ya Jumatano, tarehe 13 Machi 2024, saa tano asubuhi, nyumbani kwa mwanawe.